Pigo Lililofutwa

Katika ukumbi wa Mwalimu Shiiba, ukimpiga mwenzako hukuruhusiwa kufurahi mbele yake. Ulipiga, ukampita, ukageuka, ukamwelekezea ncha ya upanga wako wa mianzi na kubaki hivyo mpaka yeye mwenyewe awe tayari tena. Usicheke. Usiruke. Usikunje ngumi wala kuwatazama rafiki zako waliokaa ukutani. Ukifanya lolote kati ya hayo, Mwalimu alisema neno moja tu, "Hakuna," na pigo lako likahesabiwa kwamba halikutokea, hata kama kichwa cha mwenzako kilikuwa bado kinavuma ndani ya kinga yake.

Sheria hiyo hakuitunga yeye. Imo katika kanuni za mashindano ya upanga za nchi nzima, na kila mwamuzi anaifahamu. Lakini sheria hutunzwa na watu, na watu huchoka. Wengi huitunza pale inapomuumiza mpinzani. Shiiba Katsunori aliitunza siku ilipomuumiza yeye, na kwa sababu mimi, mwanafunzi wake, nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake siku hiyo, naandika nilichokiona.

Alizaliwa mwaka 1930 hapa Kaminose, kwenye milima ya mkoa wa Miyazaki, katika nyumba ileile aliyofia. Baba yake alikuwa fundi wa panga za mianzi na mwenye ukumbi wa mazoezi, na mtoto alirithi vyote viwili. Kazi hiyo ya ufundi ni ya subira. Mianzi hukatwa majira ya baridi, hukaushwa kivulini kwa miaka, hupasuliwa, kisha kila ubao hunyooshwa juu ya moto wa makaa na kukwanguliwa kwa kisu mpaka vibao vinne vikae pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Huvishwa kofia ya ngozi nchani na mpini wa ngozi chini, vikafungwa kwa uzi mmoja unaopita mgongoni. Mwalimu alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya kila ubao, huku macho ameyafumba, akitafuta kijiti kimoja kilichoinuka, kwa sababu kijiti hicho kinaweza kupenya kati ya vyuma vya kinga ya uso na kumpofusha mtu. Sijawahi kusikia upanga wake umemjeruhi mtu.

Alipokuwa na miaka kumi na moja vita vilipamba moto, na jeshi likamleta mkufunzi kwenye ukumbi wa baba yake. Mazoezi yakatolewa ndani, yakapelekwa uwanjani. Wavulana wakafundishwa kukimbilia masanamu ya majani, kuyapiga, kisha kugeuka kwa mkufunzi na kupaza sauti ya shangwe mikono juu. Aliyeshangilia zaidi alisifiwa mbele ya wote.

"Na baba yako je?" nilimuuliza siku moja tukifagia ukumbi.

"Baba alikuwa pale."

"Alisema nini?"

"Alipiga makofi," akasema Mwalimu, na akaendelea kufagia.

Tuliposhindwa vitani, wageni waliotutawala walipiga marufuku sanaa zote za upanga. Panga za mianzi za ukumbi, pamoja na deraya, yaani kinga za mwili, zilirundikwa katika uwanja wa shule ya msingi na kutiwa moto. Mwalimu alikuwa na miaka kumi na tano. Watu wengi wa hapa walilia, na wengine walilaani wageni. Baba yake hakufanya hivyo. Alimshika mwanawe bega akamwambia: "Sisi tulizichoma kabla yao. Tulizichoma siku tulipowafundisha watoto kumshangilia aliyeanguka." Yule mzee alifariki miaka minne baadaye, akitengeneza mafagio na fimbo za kuvulia samaki ili familia ipate kula. Hakuushika upanga tena.

Marufuku ilipoondolewa mwaka 1952, Shiiba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Alifungua ukumbi na watu sita, deraya zao zimeshonwa kwa magodoro ya zamani. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia sheria ile, kabla hata hajawaonyesha namna ya kushika mpini.

Maelezo yake hayakubadilika kwa miaka arobaini. Watu wa kale, alisema, walifanya mazoezi kwa panga za mbao ngumu, na panga hizo huvunja mifupa, kwa hiyo ama ulimpiga mwenzako nusunusu, ama ulimlemaza. Kisha, miaka mia mbili na hamsini hivi iliyopita, walimu fulani walitengeneza deraya nzuri na upanga wa mianzi, ili mtu ampige mwenzake kwa nguvu zote alizo nazo, na mwenzake arudi kesho.

"Upanga huu ulibuniwa ili mwenzako asife," alikuwa akisema. "Amekukopesha kichwa chake ujifunzie. Sasa wewe unamrukiaruka kana kwamba umemzika?"

Nafikiri hiyo ndiyo falsafa yote ya upanga, na mengine yaliyoandikwa juu yake ni marembo. Kupiga ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya kupiga. Mtu anayeshangilia ameshamwacha mwenzake, amerudi kwake mwenyewe, yuko peke yake anajipongeza. Upangani, huyo ndiye rahisi kuuawa. Maishani, huyo ndiye wa kuogopwa.

Hakuwa mtu wa majonzi, msije mkamdhania hivyo. Alipenda pombe ya viazi vitamu kama sisi sote wa huku, na alijua kutaniwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bwana Kuroki, diwani wa mji wetu, mnene, mwenye sauti ya kuuzia mnadani, ambaye aliwahi kufanya mazoezi kwa miezi mitatu ujanani na tangu hapo akajiona mwana wa ukumbi.

"Wewe ungefuta hata harusi ya mtu," Kuroki alimwambia siku moja sebuleni kwa Mwalimu, "kisa bwana harusi ametabasamu."

"Yangu sikutabasamu," Mwalimu akajibu.

Mkewe, Mama Fusae, akadakia kutoka jikoni: "Kweli kabisa, shemeji. Siku nzima nilidhani anaumwa jino."

Hawakujaliwa mtoto. Ndiyo maana Nasu Chizuru alikuwa kwao zaidi ya mwanafunzi. Aliingia ukumbini akiwa na miaka minane, mtoto wa mjane aliyekuwa akichuna chai, akakulia kati ya ukumbi na jiko la Mama Fusae. Mwaka ninaouzungumzia, 1993, alikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa dirishani katika posta ya hapa, mfupi, mwepesi, mwenye pigo la kichwa ambalo hukuliona likianza. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba ukumbi utakuwa wake.

Tatizo ni kwamba ukumbi wenyewe ulikuwa unakufa. Mwaka huo ligi ya soka ya kulipwa ilikuwa imeanza, na kila mtoto wa Kaminose alitaka viatu vyenye meno. Watoto wetu walibaki tisa. Jengo lilikuwa limesimama kwenye ardhi ya mji, na halmashauri ilitaka kulibomoa ipate maegesho ya magari. Kuroki alipigana huko barazani, na alichoambulia ni sharti moja: ikifika mwisho wa Machi na ukumbi una watoto kumi na watano, utaachwa. Wakipungua, tingatinga.

"Tuwe wakweli," Kuroki alisema mwezi wa Juni, tumekaa sakafuni baada ya mazoezi, jasho linatutoka. "Watoto hawaji kwa sababu ya mafundisho mema. Wanakuja kwa sababu ya picha gazetini. Chizuru akishinda ubingwa wa wanawake wa mkoa, anakwenda mashindano ya taifa. Akienda taifa, gazeti litakuja. Mkuu wa shule ya msingi ameshaniahidi: atampa saa nzima mbele ya wanafunzi wote, na wazazi. Mimi hapo nitapata watoto thelathini, siyo kumi na watano. Nipeni picha moja tu."

"Na nisiposhinda?" Chizuru akauliza.

"Utaegesha pikipiki yako hapa hapa ulipokaa."

Wote tulicheka. Chizuru naye alicheka, lakini nilimwona akiugusa ubao wa sakafu kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mwaka wa kwanza alishindwa nusu fainali, mwaka wa pili fainali, mwaka wa tatu aliumia kifundo, wa nne kilikuwa hakijapona. Alikuwa amejiwekea miaka mitano ya kuupata ubingwa huo. Huu ulikuwa wa tano.

Mashindano yalifanyika Jumapili ya pili ya Julai, katika ukumbi wa michezo wa mji mkuu wa mkoa. Tulikwenda kwa basi dogo alilokodi Kuroki: watoto wetu tisa, wazazi wachache, Mama Fusae na vyombo vyake vya chakula, Mwalimu kama msimamizi wa mpiganaji. Joto lilikuwa kali. Chizuru alishinda pambano la kwanza, la pili, la tatu. Alipigana vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Nusu fainali alimpiga polisi mmoja mrefu mara mbili ndani ya dakika moja, na mara zote mbili alisimama baada ya pigo, ncha mbele, kimya, kama alivyofundishwa.

Fainali alikutana na Hidaka Mayumi, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa mjini. Mshindi ni yule anayetangulia kupata pointi mbili. Hidaka alipata ya kwanza, kwa pigo la mkono. Chizuru akasawazisha, ubavuni. Zilipobaki sekunde chache, Hidaka alinyanyua mikono, na kabla haijafika juu Chizuru alikuwa ameshampiga kichwani na kumpita. Sauti yake ilijaa jengo. Bendera tatu nyeupe zikapanda pamoja, na nyeupe ilikuwa yake.

Katika mashindano yetu watazamaji hawapigi kelele, hupiga makofi tu. Makofi yalikuwa mengi. Wakati huohuo, kwa ukali wa pigo, kamba za kinga ya Hidaka zilikuwa zimefunguka, na kinga ikamlegea usoni. Mwamuzi mkuu na wenzake wakamgeukia yeye. Hapo ndipo Chizuru, aliyekuwa akirudi mahali pake pa kuanzia, alipotugeukia sisi. Mkono wa kushoto, uliokuwa kiunoni, ukajikunja ngumi, akautikisa mara moja, kifupi. Nusu sekunde. Tulikuwa mbele yake moja kwa moja. Kuroki aliiona akaguna kwa furaha. Mimi niliiona, na nakiri kwamba moyo wangu uliruka.

Mwalimu naye aliiona.

Kwa mujibu wa kanuni, msimamizi anaweza kuinua mkono kupinga jambo la kisheria, mradi wapiganaji hawajatoa salamu ya mwisho. Hufanyika kwa nadra, na daima dhidi ya upande mwingine. Nilimwona Mwalimu akiweka mikono magotini. Akavuta pumzi. Kuroki, aliyemfahamu kwa miaka arobaini, alielewa kabla yangu.

"Shiiba," akanong'ona, "kaa hivyohivyo ulivyo."

Mwalimu akasimama.

"Shiiba! Nakuomba. Ukumbi wako huo!"

"Ndiyo," Mwalimu akasema, "wangu." Akainua mkono.

Pambano likasimamishwa. Akatembea hadi kwenye meza ya mkuu wa waamuzi, Mzee Iwakiri, mtu wa miaka themanini mwenye masikio makubwa.

"Bwana Shiiba, unapinga nini? Nyinyi ndio mmeshinda."

"Napinga pointi ya mwisho."

"Pointi ya nani?"

"Yetu."

Mzee Iwakiri akamsogezea bilauri. "Joto hili. Kunywa chai ya shayiri kwanza."

"Nashukuru, sina kiu. Mpiganaji wangu ameshangilia. Amekunja ngumi. Waulize waamuzi wako, labda mmoja ameona."

"Na kama hakuna aliyeona?"

"Basi mimi nimeona, nanyi mtaamua kama neno langu linatosha."

Watu wa karibu walisikia. Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, mama mmoja kati ya wazazi wetu akasema kwa sauti, "Amerukwa na akili." Waamuzi watatu wakakutana katikati ya uwanja, bendera zimekunjwa mikononi. Mmoja wao, kijana, alisema aliuona mkono wa kushoto ukitikisika, lakini akadhani mpiganaji anarekebisha glovu. Hilo lilitosha. Wakarudi kila mmoja mahali pake, wakapunga bendera chini mbele ya miguu yao. Pointi imefutwa.

Chizuru alikuwa amechutama mahali pake, upanga ubavuni. Sikuweza kuona uso wake nyuma ya vyuma. Hidaka alikuwa amefungwa kamba upya. Muda wa kawaida ukaisha bila pigo, wakaingia muda wa nyongeza, ambao pigo moja linamaliza kila kitu. Chizuru alipiga mara tatu, mapigo mazuri, lakini upanga ulifika kabla ya mwili, na pigo la namna hiyo halihesabiwi. Mara ya nne alichelewa kurudi, na Hidaka akampiga mkono. Bendera tatu nyekundu.

Hidaka akasimama kimya, ncha mbele, mpaka alipoitwa.

Baadaye alikuja kwenye benchi letu, nywele zimemganda kwa jasho, akainama sana. "Mwalimu Shiiba, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Sikufanya kwa ajili yako. Nenda taifa ukapigane vizuri, na ule mkono wa kulia uulegeze, unabana."

"Ndiyo, Mwalimu."

Chizuru tulimkuta katika ujia nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, deraya amezikunja vizuri ndani ya mfuko wake, amekaa juu ya mfuko huo. Alisimama Mwalimu alipofika. Hata hapo alisimama.

"Uliniona wewe tu," akasema.

"Kuroki aliona. Huyu pia aliona." Akanionyesha mimi kwa kidevu. Nikainamisha kichwa.

"Ungeweza kunigombeza nyumbani. Ungenifanya nifagie ukumbi mwaka mzima. Ningefagia."

"Ungefagia ukiwa bingwa."

"Ile ngumi haikuwa ya Hidaka, Mwalimu. Hata sikumkumbuka Hidaka."

"Hilo ndilo kosa lenyewe."

"Ilikuwa yako!" Sauti yake ikapasuka, na watu waliokuwa wakipita wakageuka. "Ilikuwa yako na ya Mama. Nilitaka kukwambia ukumbi umepona. Sikuwa na njia nyingine ya kukwambia ukiwa kule!"

Nilidhani Mwalimu atatoa maelezo yake ya zamani, ya deraya na panga za mbao. Hakutoa.

"Nilijua ni yangu," akasema. "Ndiyo maana ilibidi nisimame mimi. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningewaachia waamuzi."

"Basi ungeipokea."

"Nisingeweza."

"Hukutaka."

"Sawa. Sikutaka."

Chizuru akainama, kwa kina kilekile cha kila siku, akachukua mfuko wake na upanga wake, akaenda kupanda treni. Hakurudi na sisi.

Katika basi Kuroki alikaa na Mwalimu kiti kimoja. Tulipoanza kupanda milima akalipuka.

"Baba yako alipiga makofi wakati wa vita, na wewe unaendelea kumlipia. Haya, mlipie! Lakini kwa nini kwa mali ya yule binti?"

"Simlipii mtu."

"Watoto tisa nyuma yako hapa. Hebu geuka uwatazame. Wamejifunza nini leo? Kwamba mwalimu wao atawauza?"

Mwalimu aligeuka kweli, akawatazama. Wengi walikuwa wamelala, vichwa vimeangukiana. Mmoja alikuwa macho, anakula maandazi ya maharage.

"Wamejifunza kwamba sheria haina upande," akasema. "Wakisahau, hilo ni lao. Nisingewafundisha, hilo lingekuwa langu."

"Wewe ni jiwe, Shiiba."

"Na wewe umenikalia koti."

Jioni ile Mama Fusae alituandalia supu baridi ya samaki wa kuchoma, matango na ufuta juu ya wali, chakula chetu cha joto. Aliweka mabakuli manne kama kawaida ya Jumapili, akakumbuka, akarudisha moja kabatini. Mwalimu alimwona.

"Sema, mama," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Kama nilikosea."

Mama Fusae alimwagia supu kwenye wali wake. "Hukukosea," akasema. "Lakini usidhani kutokukosea kutamleta yule mtoto kula wali hapa siku ya Jumapili." Akakaa, akaanza kula, na sisi tukala.

Wapo waliosema, na hata leo wapo, kwamba Mwalimu alikuwa mgumu kupita kiasi. Kwamba ngumi moja ya nusu sekunde haimdhuru mtu. Kwamba sheria ni kwa ajili ya binadamu. Nimefundisha shuleni miaka mingi na nimeyasikia maneno hayo kwa sura zote, na kila mara huwa yanasemwa na mtu ambaye sheria imemfikia mlangoni. Hakuna anayelalamika sheria ikiwa kwa jirani. Ngumi ya Chizuru ilikuwa safi kuliko ngumi zote nilizowahi kuziona, ilitoka katika upendo, na bado ilikuwa ngumi iliyokunjwa mbele ya mtu aliyepigwa. Wavulana wa mwaka 1941 nao walishangilia kwa upendo, wakiwapenda mama zao na nchi yao. Mwalimu alijua mambo haya huanza na watu wema, siku nzuri, jambo dogo, huku aliye na haki ya kusema akiwa amekaa na kupiga makofi. Nami nilikuwa nimekaa. Nasema alikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Alimwandikia Chizuru mara moja tu, barua fupi, akimwambia ukumbi bado ni wake akitaka. Barua ilipitia posta ileile alikofanya kazi, kwa hiyo bila shaka Chizuru mwenyewe ndiye aliyeigonga muhuri. Hakujibu. Mwezi wa Septemba aliomba uhamisho, akapelekwa pwani.

Wazazi wanne waliwatoa watoto wao mwezi wa Agosti. Hawakufoka, walileta keki zilizofungwa kwenye karatasi nzuri, wakashukuru kwa yote, wakainama, kama inavyofanywa. Mwalimu aliwasindikiza hadi getini kila mmoja. Waliobaki watano aliwafundisha kwa bidii ileile, saa zilezile, wakiingia kwa salamu na kutoka kwa salamu. Januari, mvulana mmoja alimpiga mwenzake kichwani, pigo lake la kwanza zuri maishani, akaruka kwa furaha. "Hakuna," Mwalimu akasema. Mtoto akarudi mahali pake, akainama, akapiga tena.

Kuroki alipigana barazani mpaka kikao cha mwisho, akapoteza kwa kura mbili. Siku ya tingatinga alikuja akiwa amevaa suti, akasimama na Mwalimu barabarani, na walipomaliza kubomoa wakaenda kunywa pamoja.

Mwalimu aliendelea kutengeneza panga za mianzi kwa miaka kumi na mmoja zaidi, kwa ajili ya kumbi za miji mingine. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka sabini na mitano.

Sheria aliyoitunza ilimgharimu ukumbi wa baba yake, watoto tisa, na mwanafunzi aliyekuwa mtoto wake. Chizuru hakuushika upanga tena, na mazishini hakuja.